Walt wa Spencer Yuko Laini ya Tatu

Kila aliyewahi kupiga simu kwenye kipindi cha redio cha Denny Brandsma anaijua sauti yangu, ingawa haijawahi kusikika hewani hata mara moja. Mimi ndiye ninayepokea. Nauliza jina, nauliza mji, nauliza unataka kusema nini, halafu nakwambia maneno ninayomwambia kila mtu: zima redio yako, vuta pumzi, anza na jambo moja. Ukiwa umelewa nakukata. Ukiwa mtu wa kampeni uliyepewa maneno ya kusoma nakukata pia, na hao nawatambua haraka, maana hakuna binadamu wa kweli anayekuwa na furaha kiasi kile asubuhi ya Januari katika jimbo la Iowa.

Denny ni mhafidhina. Mimi pia, mume wangu pia, na karibu kila mtu anayepeleka mahindi yake kwenye ghala la nafaka la Kossmer hapa kwetu. Kwa hiyo msimu ule wa kumtafuta mgombea urais, ugomvi wetu haukuwa na chama kile kingine. Wale tulishawamaliza miaka mingi iliyopita, angalau mezani kwetu. Ugomvi ulikuwa wa sisi kwa sisi, kama watoto waliofiwa na baba mwenye shamba: Gavana Stoddard au Seneta Hagen? Na kwa kuwa mchujo wetu ndio unaofungua njia nchi nzima, wagombea walikuwa wametujaa tangu wakati wa mavuno. Huwezi kunywa kahawa yako bila mtu mwenye tai kuja kukuuliza habari za ng'ombe wako.

Denny alikuwa mtu wa Gavana, na mimi nilikuwa nyuma yake. Stoddard alisema ataing'oa Washington na mizizi yake, wizara moja baada ya nyingine, na mimi nilimwamini. Hagen alikuwa amekaa huko miaka mingi, na kosa lake kubwa ni kwamba aliwahi kukaa meza moja na wapinzani wakapitisha bajeti. Denny hakumsamehe. Alimwita Seneta Nusu-Nusu.

"Ndugu zangu," Denny alikuwa akisema, amelala karibu juu ya kipaza sauti, "mtu akija kwako na kusema tupunguze nusu ya deni la taifa, mwulize nusu ile nyingine analipa nani. Mjukuu wako! Yule anayejifunza kutembea sasa hivi! Halafu Hagen anatuambia taratibu, jamani, taratibu. Ghala likishika moto, wewe unakwenda taratibu?"

Simu zote ziliwaka. Nilimpenda Denny anapokuwa hivyo, na bado nampenda. Huyu ndiye aliyeleta chakula nyumbani mama yangu alipofariki, akaosha na vyombo. Lakini msimu ule alikuwa hatulii. Alizunguka na kiti chake, alitafuna kalamu, na alikuja dirishani kwangu kila tangazo lilipoanza kuuliza nani yuko kwenye laini. Na mimi nikaambukizwa. Mguu wangu ulicheza chini ya meza mchana kutwa.

Mume wangu Orrin ndiye pekee aliyeonekana kuwa na utulivu. Orrin Tjaden ni mtu ambaye kanisani hajawahi kusali kwa sauti. Ukimwomba abariki chakula anasema "Amina" na kuchukua uma. Maneno yake na mimi yalikuwa yamepungua zaidi tangu baba yake afariki. Mwaka ule aliing'oa miti yote ya kukinga upepo iliyokuwa magharibi ya nyumba yetu, miti aliyoipanda mzee yule kwa mikono yake, na nilipomuuliza sababu akajibu neno moja, "Mahindi." Tangu hapo tuliongea habari za hali ya hewa. Kuhusu kura sikumuuliza. Nilidhani yuko na mimi, kama unavyodhani kiti bado kiko mahali ulipokiacha.

Wiki moja kabla ya mchujo, laini ya tatu iliwaka. Namba ilikuwa imefichwa.

"Jina lako nani, bwana?"

"Walt."

"Walt wa wapi?"

"Wa... Spencer."

Nyuma yake nilisikia hita ya banda letu la mashine, ile inayokohoa kabla ya kuwaka na ambayo nimemwambia Orrin mara ngapi sijui aitengeneze. Kisha nikamsikia Gus, mbwa wetu, akibweka. Mtu mwenyewe alikuwa ameikaza sauti kama aliyekwamwa na pipi kooni. Jamani, mimi nalala na mtu huyu kitanda kimoja.

"Unataka kusema nini, Walt?"

"Nataka kumtetea Hagen."

Ningekata, angejua kwamba nimemjua. Ningecheka, angejua vilevile. Na kusema kweli nilitaka kusikia atakachosema, maana nyumbani nilikuwa sijasikia kitu. Nikamwambia kama ninavyowaambia wote: zima redio yako, vuta pumzi, anza na jambo moja. Kisha nikampitisha.

"Walt wa Spencer, uko hewani!" alisema Denny.

"Halo, Denny. Mimi naona Hagen... naona..."

Basi. Kimya. Redioni hakuna dhambi kubwa kuliko kimya. Mtangazaji atakusamehe matusi kabla ya kukusamehe kimya. Denny alisubiri kidogo, akanikonyeza kupitia kioo, halafu akabonyeza kitufe cha sauti zake za mzaha. Nyenje wakaanza kulia hewani, kri-kri-kri, kama usiku wa Julai shambani.

"Hiyo, ndugu zangu," akasema Denny, "ndiyo hoja nzima ya kumchagua Seneta Nusu-Nusu. Asante, Walt!"

Kituo kizima kilivunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimeshika hedifoni zangu kwa mikono miwili.

Kesho yake alipiga tena. Alifika mpaka "Hagen ni mtu ambaye," akakwama, nyenje wakalia. Siku iliyofuata Denny alikuja dirishani kabla hata hajavua koti. "Vonnie, yule Walt akipiga, mpitishe moja kwa moja. Hata kama Gavana mwenyewe yuko laini ya kwanza, sawa? Watu wanamtaka Walt." Na kweli walimtaka. Pale mkahawani wanaume walianza kuigizana mlio wa nyenje kila mtu alipochelewa kujibu swali. Orrin alikuwa akikaa katikati yao na kahawa yake, anatabasamu.

Jibu la fumbo lile nililipata kwa Arlys Huisman, mama anayeongoza mkutano wa mchujo katika mtaa wetu. Alinipigia nyumbani kuniomba nilete keki, kisha akasema, "Na mwambie Orrin tumefurahi sana. Hatukuwa na mtu wa kumsemea Hagen. Nilimpigia kila mtu. Yeye akasema atasimama."

"Orrin? Orrin wangu?"

"Kwani una wangapi, mama?"

Nilikaa kwenye ngazi za jikoni. Kwetu ndivyo inavyokwenda: kabla ya kupiga kura, jirani mmoja husimama mbele ya majirani wenzake na kumsemea mgombea wake. Si lazima mgombea awe na msemaji, lakini akikosa, watu huona ni kama mazishi yasiyo na mtu wa kulia. Orrin alikuwa amekubali. Na kwa kuwa hajawahi kusema mbele ya watu, alikuwa anajizoeza mahali pekee alipodhani hakuna atakayemwona. Kila asubuhi alikwenda bandani kujifunza kuongea, na kila asubuhi mimi nilimfungulia mlango wa kuchekwa.

Jioni ile nilimtegea.

"Umesikiliza kipindi leo?"

"Kidogo."

"Yule Walt unamwonaje?"

Alikuwa anakata nyama. Hakuinua macho. "Mjinga. Anajiaibisha bure."

"Sasa mbona anaendelea kupiga?"

Alitafuna kwa muda mrefu. "Labda ana jambo," alisema, halafu akavaa buti akaenda kuwatazama ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwatazama.

Nilijaribu kwa Denny pia. "Acha wale nyenje, Denny. Yule ni mtu."

"Ni mtu wa Spencer!" Alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. "Vonnie, hapa tunaipigania nchi. Hagen akishinda Iowa, tumekwisha, tutarudi kule kule kwa kupeana mikono na kugawana hasara. Mimi natumia nilicho nacho. Nyenje ninao."

Ningeweza kumwambia pale pale, huyo ni mume wangu. Lakini siri haikuwa yangu, na Orrin angejua kwamba nilimjua tangu mwanzo, na asingesimama tena popote maishani. Nilirudi kwenye kiti changu. Walt alikuwa tayari yuko laini ya tatu.

Siku ya mchujo theluji ilikuwa inapita barabarani kwa ubavu. Jioni Orrin alitoka chumbani amevaa koti lake la mazishi.

"Koti la nini?"

"Baridi," alisema.

Tulitokea mlango wa nyuma, kwa sababu wa mbele ulikuwa umezibwa na theluji kama kila Januari. Garini alizima redio, jambo ambalo hajawahi kufanya. Njia nzima nilikuwa nafungua na kufunga mfuniko wa keki. Alipoegesha hakutoka upesi. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, midomo inasogea bila sauti, na mimi nikajifanya natafuta glavu ili apate nafasi yake.

Ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wanakula supu nzito ya maharagwe na mikate ya mdalasini, watoto wanateleza sakafuni na soksi. Tulikula kiapo cha bendera, mchungaji akasali, Arlys akagonga nyundo yake ndogo. Denny alisema wa kwanza, kwa ajili ya Stoddard. Mungu amempa mtu yule ulimi. Alizungumza juu ya mabibi na mababu waliofungua ardhi hii bila fomu ya serikali, juu ya watu wa Washington wasioweza kutofautisha mtamba na maksai lakini wanatupangia mbolea. "Paka rangi kwenye ubao uliooza," alisema, "na bado umeoza. Tung'oe!" Ukumbi ulisimama. Hata mimi nilisimama, kwa sababu naamini hivyo, na nilipiga makofi.

"Kwa Seneta Hagen," alisema Arlys, "Orrin Tjaden."

Vichwa viligeuka. Mtu mmoja akasema, "Nani?" na mwenzake akasema, "Acha mzaha." Orrin alitembea hadi kwenye kipaza sauti kama mtu anayevuka ziwa lililoganda na hajui unene wa barafu.

"Halo," alisema. Na kwa hofu, maskini, sauti ikamkaba, ikatoka ile ile ya bandani. "Mimi naona Hagen... naona..."

Kimya.

Halafu huko nyuma, kwenye viti vya juu, mtu akafanya kwa mdomo: kri-kri-kri.

Niliona jambo lile likienea ukumbini. Kwanza kicheko kidogo, kisha watu wakatazamana, kisha wakaelewa. "Ni Walt!" mtu akapiga kelele. "Orrin ndiye Walt!" Wakacheka mpaka wengine wakashika viti. Si kwa ubaya, watu wa kwetu si wabaya, ila kicheko hakimuulizi mtu nia ya anayecheka. Orrin alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alitazama mlango. Na Denny, pale mbele, hakuwa anacheka. Aligeuka akanitafuta kwa macho, mdomo wazi.

Mguu wa Orrin ulikwisha kusogea kuelekea mlangoni. Nilijua kwamba akitoka sasa, ametoka moja kwa moja, na mimi nitabaki na mtu wa hali ya hewa mpaka kufa kwangu. Nikasimama na keki yangu mikononi.

"Zima redio yako, bwana," nilisema, kwa sauti yangu ya kazi. "Vuta pumzi. Anza na jambo moja."

Nusu ya ukumbi ule walishawahi kupiga simu. Waliijua sauti kabla ya kunitazama, na nadhani mazoea yaliwashika, maana walinyamaza. Orrin alinitazama. Niliona akihesabu upya asubuhi zake zote bandani, moja moja, na akafahamu kwamba katika kila moja nilikuwa nimemjua. Sikujua kama atanichukia. Alivuta pumzi.

"Jambo langu ni moja," alisema, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Baba yangu alipanda miti magharibi ya nyumba yetu. Alipokufa nikaing'oa. Asubuhi moja tu, na mashine ya kukodi. Nilisema imezeeka, inakula ardhi, haiingizi kitu. Na yote yalikuwa kweli. Nikapata mistari yangu ya mahindi."

Alifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Mnajua kwangu inakuwaje Januari. Ninyi ndio mnaokuja kutufukua kwenye theluji." Watu wachache walicheka, lakini kwa upole. "Mke wangu hawezi kufungua mlango wake wa mbele miezi mitatu. Hajawahi kunilaumu. Mimi namwona akiweka taulo chini ya mlango, na sijawahi kumwambia nilikosea. Nilidhani kusema hakutarudisha mti."

Sasa hata watoto walikuwa wametulia.

"Denny anasema tung'oe. Denny ni rafiki yangu, na huko Washington kuna uozo, sibishi. Lakini mimi nimeng'oa. Sikujua ile miti ilikuwa inazuia nini mpaka upepo ulipokuja. Hagen ni mtu wa kukata mti ule mmoja uliooza na kuacha mingine. Mnamcheka kwamba yuko taratibu. Sawa, yuko taratibu. Mimi nilidhani mhafidhina ni mtu wa kuhifadhi." Alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti. "Basi. Ni hilo tu."

Alirudi kukaa kando yangu. Hakuna aliyesimama. Walipiga makofi wamekaa, makofi ya chini yaliyochukua muda kuisha. Goti lake lilikuwa linacheza kuliko langu. Nililishika, na kwa mara ya kwanza msimu ule nikaona miguu yangu imetulia.

Tuliandika kura zetu kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye ndoo kuukuu ya aiskrimu. Stoddard alishinda mtaani kwetu, ingawa si kwa wingi uliotarajiwa, na Arlys alirudia kuhesabu kura za Hagen kwa sababu hakuamini. Mimi nilimpigia nani, hiyo ni yangu na ndoo. Orrin hajawahi kuuliza.

Denny alitukuta kwenye makoti. Alimpa Orrin mkono, akaushikilia. Kisha akanigeukia mimi.

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu simu ya kwanza."

"Na ukaniacha nimtilie nyenje?"

"Nilikwambia uwaache, Denny."

Alivaa kofia yake akatoka. Garini nilikuwa nangoja Orrin aniulize kwa nini nilinyamaza, na hakuuliza, na nililala vibaya.

Asubuhi Denny alifungua kipindi kwa kumshangilia Gavana. Hakuwagusa nyenje. Kabla ya tangazo la kwanza alikuja dirishani. "Akipiga," alisema, "mwombe aje studio. Kwa jina lake. Tubishane kama watu wazima."

Laini zilikuwa zimejaa. Stoddard hivi, Hagen vile, mtu wa Sioux City ana habari kwamba kura zimeibwa. Laini ya tatu ikawaka. Safari hii namba haikufichwa.

"Jina lako nani, bwana?"

"Orrin." Hita ilikohoa nyuma yake.

"Denny anataka uje..."

"Sikumpigia Denny." Alinyamaza, nami nikauacha ukimya ule ukae ulivyo. "Nimepiga kule wanakouza miche. Wanayo, lakini lazima uagize sasa ndio upate masika. Nilitaka kukuuliza wewe kwanza. Upande wa magharibi. Nipande?"

"Itachukua miaka, Orrin. Tutakuwa wazee."

"Najua."

Denny alikuwa anagonga kioo, anaonyesha saa, tangazo linaisha. Laini zote zilikuwa zinawaka, na ndani yake kulikuwa na watu wenye mengi ya kusema kuhusu nchi. Nilivua hedifoni za kazi, nikaushika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Niambie ni miti gani," nilisema. "Niambie yote."